Kanda Iliyosikika Mara Moja

9 Januari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Ya mkaza mjomba mfikishie ingali moto. Huku hatujambo. Mjukuu wako ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa kila neno lenye "s" linatoka na upepo, na baba yake anamwiga mpaka wananuniana. Mimi kazi yangu ni ile ile ya kutunza wazee. Juzi bibi mmoja aliniuliza kama nimeolewa. Nikamwambia ndiyo. Akasema pole.

Nimepiga simu Jumapili tatu mfululizo, na kila mara mkaza mjomba ananiambia umetoka. Mjomba, mtu umeshastaafu, unatoka kwenda wapi kila Jumapili? Au umeanza ujana upya?

Basi nimeona niandike, maana nina jambo. Wiki iliyopita mjukuu wako aliniuliza bibi yake alikuwa anaongea vipi. Nikafungua mdomo nimwigizie, nikakuta hakuna kitu. Mikono ya mama naikumbuka. Mafuta aliyopaka nywele nayakumbuka, hata leo nikipishana na mtu aliyeyapaka nasimama. Lakini sauti imekwenda. Nilikuwa na miaka mitano alipofariki. Baba hakutaka azungumzwe, na mama wa kambo alikuwa mwema kiasi kwamba kumuulizia mama mwingine mbele yake kungekuwa utovu wa adabu. Kwa hiyo nilinyamaza, na kumbe ukinyamaza sana hata kichwa kinasahau.

Mama alitangaza kipindi cha watoto redioni miaka mingi, na wewe mdogo wake ndiye uliyekuwa fundi wake, upande wa pili wa kioo. Watoto wa watu walikua wakimsikiliza. Mimi wake ndiye niliyekosa. Je, kuna kanda yoyote iliyobaki?

Kama hakuna, niambie tu. Usinizungushe.

Ni mimi mpwa wako,
Chiriku

2 Februari

Chiriku,

Marahaba. Ya mkaza mjomba wako imefika, ameipokea na kuongeza chumvi kwamba kwenye picha umekonda. Hatujambo. Goti lake linalia mvua ikikaribia, na paa letu linalia ikishafika, kwa hiyo hatukosi habari za hali ya hewa.

Kuhusu simu, usimlaumu mtu. Simu za siku hizi sina raha nazo. Sauti imebanwa humo kama nguo kwenye sanduku, ikitoka imejaa mikunjo. Mtu aliyekula sauti nzima maisha yake yote, uzeeni hawezi kupewa makombo. Andika. Barua haikatiki katikati.

Sasa hilo uliloniuliza. Nilianza pale redioni nikiwa mkunja nyaya, nikaondoka nikiwa mkuu wa mitambo ya sauti. Katikati hapo nimenasa kwaya, hotuba, mpira, vilio vya misiba na mtu mmoja aliyedai kuku wake anasema. Nimejenga studio mbili. Wenzangu walitaka kubandika trei za mayai ukutani, nikawaambia trei za mayai zinafaa mayai. Tukaweka mbao zenye matundu, na nyuma yake sufi ya magodoro. Tulipomaliza nilisimama katikati nikapiga kofi moja, likafia palepale kama jiwe lililoangukia tope. Na ule ukumbi mkubwa wa mikutano, ulipofunguliwa, neno likisemwa jukwaani lilifika viti vya nyuma likiwa na watoto na wajukuu. Tulishinda humo mwezi mzima mimi na msanifu wake, tukitundika mapazia na kubishana, mpaka neno likaanza kufika peke yake. Kazini waliniita Masikio. Nilikuwa naweza kusimama mlangoni nikakwambia ni taa ipi kati ya zote inayolia.

Nakueleza haya ili ujue kwamba ninaposema hali ya kanda ni mbaya, sibahatishi. Redio imehamia jengo jipya na kila kitu sasa ni kompyuta. Maktaba ya kanda imeachwa jengo la zamani, chini ya bomba bovu. Tena vipindi vingi vya watoto vilifutwa palepale ili kanda zitumike tena, maana zilikuwa adimu. Huo ndio uliokuwa utaratibu, na hakuna aliyeona ajabu.

Mtunza stoo wa kule ni mtu wangu. Nitakwenda. Usijipe matumaini, lakini nitakwenda.

Mjomba

27 Februari

Mjomba,

Shikamoo nyingine. Mjukuu wako anakusalimu na anataka kujua kuku huyo alisema nini.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umesema nisijipe matumaini, halafu ukasema utakwenda. Hapo ndipo uliponimaliza. Mtu akisema "nitakwenda" anakuwa ameshafungua mlango.

Wazee wangu wamepungua, wawili wametutoka mwezi huu. Mmoja alikuwa na tabia ya kuitikia kwa kichwa kila unalomwambia. Unamwambia chakula tayari, anaitikia. Unamwambia nyumba inaungua, anaitikia. Ilinichukua muda kujua hasikii kabisa. Alikuwa anaona haya kusema.

Mjomba, Jumapili iliyopita nilipiga tena. Nilisikia kabisa unakohoa pale nyuma, na mkaza mjomba akaniambia hupo. Sijakasirika. Nimesema tu.

Chiriku

11 Aprili

Chiriku mwanangu,

Kaa chini kwanza. Kama umesimama na sufuria, iweke.

Nimemsikia mama yako.

Nianze mwanzo. Mkaza mjomba wako hajambo, goti ni lile lile. Mwalimu jirani yetu anasafiri kuja huko, ndiye aliyekuletea bahasha hii na kadi ndogo ya kuhifadhia sauti iliyomo. Mpe chai.

Mtunza stoo alinifungulia siku ya tatu, baada ya kuniambia mara mbili ufunguo umepotea. Ndani kunanuka kama kaburi la karatasi. Kanda zimelundikwa mpaka dirishani, nyingine zimevimba, nyingine panya wamejenga. Nilizipata tatu zenye jina la kipindi. Mbili zilikuwa zimegandamana kama gundi, ukivuta unavua ngozi. Ya tatu ilikuwa na maandishi yangu mwenyewe, nikaijua hata kabla sijasoma. Ni kipindi chake cha mwisho.

Kanda iliyonyonya maji haichezwi hivi hivi. Nilitengeneza sanduku la mbao, nikatia balbu na kifeni kidogo, joto la kuumulia unga, nikailaza humo siku kadhaa. Mkaza mjomba wako alisema nimekuwa mwangalizi wa vifaranga. Nikaitoa, nikaivalisha kwenye ile mashine yangu kubwa ya chumbani, anayoiita mke mwenza. Nikachomeka waya kwenda kwenye kinasa sauti kidogo nilichopewa na wenzangu siku ya kuniaga. Hedifoni nikazichomeka kwenye mashine kubwa yenyewe nikafungua sauti mpaka mwisho, maana hicho kidude ukikisikiliza kinanong'ona kama mbu. Vimistari vyake vya kijani vilipoanza kucheza nikajua kinanasa, nikakiacha.

Nusu saa nzima, Chiriku. Alitega vitendawili, akasoma barua za watoto, akacheka pale pale alipokuwa akicheka. Viungo vya kanda viliachia sehemu kadhaa, gundi imekauka, nikawa naviunga upya. Hukuwahi kuambiwa hili: siku ile alikuwa ameshaugua. Mapafu yalikuwa yamemchoka, kila sentensi mbili anavuta pumzi ndefu. Aliniomba watoto wasisikie. Kwa hiyo baada ya kunasa nilikaa na wembe, nikazikata pumzi zake moja moja, nikaunga maneno. Redioni alisikika mzima. Viungo vilivyoachia juzi ndivyo hivyo.

Kanda yenyewe imekwisha. Ile rangi yake ya kahawia, ambayo ndiyo iliyoshika sauti, imebaki kwenye mashine kama unga wa kahawa, na utepe ukiuinua unaona dirisha upande wa pili. Haiwezi kuchezwa tena. Lakini hatuna haja, sauti iko kwenye kadi. Nilijaribu kuisikiliza kwenye hicho kidude, kinanong'ona tu, vyombo vya kisasa ndivyo vilivyo. Wewe sikiliza kwenye vyombo vya maana.

Mfungulie na mjukuu wangu.

Mjomba

30 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Nisamehe kwa kukawia. Kazi zilinizidi, na mjukuu wako aliugua homa, sasa amepona. Mwalimu alifika salama, alikunywa chai na kumaliza biskuti zote.

Kadi nimeipata. Nimeisikiliza yote, mpaka mwisho. Ahsante, Mjomba. Nimemsikia. Umefanya kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya, na sijui nikulipe nini.

Mtoto bado sijamfungulia. Nangoja siku nzuri.

Mwambie mkaza mjomba nampenda sana, na kwamba ni mtu wa subira. Halafu, Mjomba, huku watu wa umri wako hupimwa kila mwaka: presha, sukari, macho, masikio. Wewe umewahi kwenda? Nenda tu hata kama huumwi. Ni kawaida.

Mpwa wako

25 Julai

Chiriku,

Marahaba, na mshukuru Mungu kwa mtoto. Presha yangu ni ya kijana, na meno yangu yote yapo kasoro yale yaliyoondoka.

Barua yako ni fupi. Nilitegemea kurasa. Mkaza mjomba wako anasema niache, kwamba mtu akisikia sauti ya mamaye baada ya miaka yote hiyo hana la kuandika. Labda. Nilimwambia pia kwamba umesaini "mpwa wako," si Chiriku, akasema natafuta chawa kwenye kipara.

Nina swali moja, na ni wewe tu unayeweza kunijibu. Siku ile ya kipindi cha mwisho, alipoaga watoto, mimi nilitoka mbio kuita gari la kumrudisha nyumbani, hakuwa na nguvu ya kupanda basi. Mashine niliiacha inazunguka. Kwa hiyo baada ya kuaga kuna kipande ambacho sikuwepo, na sikuwahi kukisikiliza, kwani wiki ile ile alilazwa na tukawa watu wa hospitali. Mwezi wa nne, kwenye hedifoni, ndiyo mara yangu ya kwanza. Kapumua, karatasi zikasogea, akaita jina lako, halafu akasema neno. Fupi, neno moja au mawili. Kanda pale ilikuwa imechakaa, sikulipata vizuri.

Wewe una masikio ya kijana na vyombo vizuri. Ni mwisho kabisa, kabla ya mkwaruzo wa kanda kumalizika. Alikwambia nini?

Niandikie mapema. Silali vizuri kwa ajili ya hilo.

Mjomba

3 Septemba

Mjomba,

Shikamoo. Leo sina habari za mtoto wala za kazi. Nikianza nazo nitajificha humo nisitoke.

Ningeweza kukutungia. Nilijaribu. Niliandika kwamba alisema, "Chiriku, kula vizuri." Nikachana. Nikaandika, "Chiriku, nakuja." Nikachana. Kila nililoliandika lilikuwa neno ninalolitaka mimi, na wewe ungelibeba mpaka kaburini ukijua ni lake. Nikashindwa.

Mama hayumo kwenye kadi.

Sijui ilitokeaje, wewe ndiye fundi. Kilichomo ni chumba chako. Feni inazunguka, na kila ikifika upande mmoja inagonga. Kiti kinalia. Wewe unasema mwanzoni, kwa sauti ya kazini, "Kanda ya tatu, kipindi cha watoto." Baada ya hapo ni nusu saa wewe unamsikiliza mama, na mimi nakusikiliza wewe. Unacheka mara mbili. Unasema "Ehe." Unavuta makamasi. Mama simsikii hata kidogo. Nimeongeza sauti mpaka jirani kagonga ukuta. Nimempelekea kijana anayenasa nyimbo, akaisafisha kwa mitambo yake, akasema, "Dada, hapa kuna feni na mzee."

Nilikwambia nimemsikia kwa sababu hujawahi kuniandikia kwa furaha kama ile. Nilidhani yataishia hapo.

Na kuna la pili, Mjomba, ambalo si la kadi. Ukiwa umevaa hedifoni, mkaza mjomba anakuita chakula. Hilo si neno, hata mimi nisingesikia. Lakini kanda inakwisha. Nasikia unazivua, unaziweka mezani. Anaingia. Anakuuliza kama utakula. Anakuuliza tena. Anakuuliza mara ya tatu kwa sauti ya kuitia mtu ng'ambo ya barabara. Anagonga meza kwa kiganja, ndipo unasema, "Umeingia saa ngapi?"

Hakukasirika. Alisema, "Sasa hivi." Nikajua ameshazoea.

Nimetunza wazee miaka minane. Najua kuitikia kwa kichwa kukoje, hata kwenye barua. Hukukimbia simu kwa sababu sauti imejikunja.

Nisamehe kama nimekuvunjia heshima. Sikuona njia nyingine.

Chiriku

19 Novemba

Chiriku,

Marahaba. Umesubiri sana, najua. Barua yako niliisoma, nikaiweka chini ya kitambaa cha meza, na kila nikila nikawa nakula juu yake. Mkaza mjomba wako aliuliza umesema nini, nikamwambia umesalimu.

Kwanza kadi. Nilikitoa kile kidude nikakikagua. Waya niliotumia ni wa zamani, plagi yake nene kidogo kuliko tundu. Iliingia, haikufika mwisho. Ukiisukuma zaidi inagota, nimeihisi kwa kidole. Isipofika mwisho, kidude kinajiamulia chenyewe kutumia kipaza sauti chake kidogo cha mbele, kile cha kunasia mikutano. Kwa hiyo kilininasa mimi na feni. Vimistari vya kijani vilikuwa vinacheza kwa ajili ya feni. Mkunja nyaya wa wiki ya kwanza angevaa hedifoni kwenye kinasa sauti chenyewe, si kwenye mashine, na angejua kabla hajavuta pumzi ya pili. Nilikuwa nawafundisha hivyo: sikiliza kinachoingia, usisikilize kinachotoka. Mimi nilisikiliza kinachotoka kwa sababu kinachoingia kilikuwa kidogo mno kwangu.

Pili, nimekwenda hospitali. Wanakuweka kwenye kichumba cha kupimia masikio. Mlango wake haufungi sawasawa, nikamwonyesha mpimaji pengo lilipo. Alinishukuru. Nikavaa hedifoni, nikangoja. Nikangoja sana, nikamwambia haya, anza. Akaniandikia kwenye karatasi kwamba ameshamaliza upande wa kulia.

Wa kushoto una uhai kidogo. Ndio uliomsikia mama yako. Sauti nene zinapita, zile nyembamba hazipiti tena. Yaani katika neno nasikia irabu, na konsonanti nyingi zimeniaga. Hakuna dawa. Kuna kifaa, na kwa hali yangu kinapaza kelele tu, nimekijaribu, ni kama kumwagiwa misumari. Nilianza kujua mwaka wa mwisho kabla ya kustaafu, kwaya moja iliponiuliza kama mabati ya paa la nyuma yanalia, nikasema hayalii, nao wakatazamana. Tangu hapo nimeishi kwa kubahatisha. Mkaza mjomba wako alijua kabla yangu. Jumapili ulizopiga tulikuwa tumeketi kiti kwa kiti, yeye akisema hayupo, mimi nikisoma midomo yake nijue nani kapiga.

Kwa hiyo vitendawili vile na zile barua za watoto nilizokusimulia, ni kweli vilipita masikioni mwangu, lakini sikusikia nusu yake. Nilikijua kipindi kwa moyo, nikawa najazia. Kicheko nilikisikia. Kicheko hakina konsonanti.

Pale mwisho ndipo sikuwa na la kujazia, maana sikuwahi kulijua. Nilipata i, i, u, nikajua ni Chiriku. Halafu a, u, e, a. Hayo tu. Nimeyavisha kila neno. Ukitaka yanakuwa "nakupenda." Ukitaka yanakuwa "nakucheka," na alikuwa anakucheka sana, ulikuwa mtoto wa kuchekesha. Yanakuwa hata "nakusema," labda uliiba sukari asubuhi ile. Yote yanakaa sawasawa. Siwezi kukuapia moja, na hakuna wa kumuuliza. Kanda ile imesema mara moja tu, ikamwambia mtu asiyesikia.

Ukiniuliza sauti yake ilikuwaje, nitakwambia nilivyomwekea kipaza sauti: nilikiweka pembeni kidogo, usawa wa shavu, kwa sababu "p" zake zilipiga kama mlango. Nilimpunguzia sauti nene za chini, maana yake ilitokea kifuani. Alikaa karibu kuliko watangazaji wote na hakuwahi kupandisha sauti. Hayo ni ya fundi. Si yeye. Nimekaa na kalamu siku tatu nitafute mengine, sina.

Futa hiyo kadi. Kanda mbovu haitunzwi, inakula nafasi ya nzuri.

Hukunivunjia heshima.

Mjomba

20 Desemba

Mjomba,

Shikamoo, na kwa mkaza mjomba pia. Mwambie sasa nikipiga nitaongea naye mwenyewe, asihangaike kukuficha.

Zile irabu nne nimezisema jikoni mpaka mjukuu wako akauliza naongea na nani. Nimemwambia ukweli, kwamba bibi yake alikuwa na sauti ya karibu, na kwamba hatunayo. Akasema basi. Watoto hawang'ang'anii. Nilidhani ningelia, nikaendelea kumenya viazi.

Nilitamani kuja. Karatasi zangu za ukaazi bado hazijatoka, nikivuka mpaka sirudi, na hapa ndipo kazi ilipo. Kwa hiyo siji. Nisikudanganye tena kwamba mwakani.

Kadi sijafuta. Unaniamuru kama mkuu wa mitambo, lakini mimi si mkunja nyaya wako. Kanda mbovu ni yako. Mimi nina nusu saa ya mjomba wangu.

Na kuna kitu humo ambacho sikukuandikia mwezi wa tisa, nilidhani kitakuumiza. Karibu na mwisho, baada ya muda mrefu wa kimya, unasema kwa sauti ndogo kabisa, "Kifaurongo, inuka basi."

Sijawahi kusikia mtu akiitwa hivyo. Ni nani?

Chiriku

16 Januari

Chiriku,

Marahaba. Mkaza mjomba wako ameishikilia simu tangu asubuhi kama yai.

Sikumbuki kusema hivyo. Lakini kama limo, basi nilisema.

Ni mama yako. Unamjua kifaurongo, yule mdudu ambaye ukimgusa anajifanya amekufa. Dada akiitwa kuosha vyombo alikuwa analala sakafuni, macho kafumba, ulimi nje, hapumui. Mama yetu anafoka, yeye maiti. Ndipo natumwa mimi mdogo wake kumfufua, na dawa ilikuwa moja, kumtekenya nyayo. Alikuwa akijizuia mpaka anatetemeka mwili mzima, halafu anapasuka kwa kicheko na vyombo anaviosha. Jina hilo tulilijua mimi na yeye na mama yetu. Alipokuwa mtangazaji mkubwa alinikataza nisilitaje kazini, nami sikulitaja.

Siku ile alipofariki hospitali, watu wote walitoka kwenda kumshika baba yako aliyeanguka kwenye korido. Nikabaki naye peke yangu. Shuka ilikuwa fupi, miguu ilikuwa nje. Nilimtekenya nyayo. Sijui nilitegemea nini, mtu mzima na mke nyumbani. Niliendelea mpaka muuguzi akaja, akanishika mkono akaniambia, "Kaka, imetosha." Sauti hiyo ya muuguzi nimebaki nayo. Ya dada ndiyo iliyokwenda.

Mashine kubwa nimempa mnunua vyuma. Aliivuta barabarani kwa mkokoteni. Nilisimama mlangoni, watu wakageuka kuangalia kelele, mimi nikaona tu magurudumu yanazunguka.

Kadi fanya utakavyo.

Nawe uwe unaandika kwa herufi kubwa kidogo. Macho nayo yameanza.

Mjomba